Kila Hitilafu Ina Tabaka Lake: Kuweka Draiva za ODBC kwenye Linux na Ndugu Zake

Hotuba kwa vijana wanaotunza seva na wanaochambua takwimu

Shikamooni wakubwa zangu mliofika. Wadogo zangu, hamjambo? Nashukuru mmeacha shughuli zenu kuja kusikiliza habari ya kazi isiyo na sifa: kuweka draiva za ODBC, yaani vipande vya programu vinavyoiwezesha kompyuta kuzungumza na hifadhidata. Hakuna mkurugenzi anayeuliza draiva za hifadhidata zimefikia wapi, mpaka siku ripoti isipotoka. Siku hiyo wote mnageuka kuulizana, na anayejibu huwa ni yule kijana aliyeko chumba cha seva.

Chukueni hospitali. Kumbukumbu za wagonjwa ziko kwenye OpenMRS, mfumo ulioanza kutumika Eldoret mwaka 2006 na ambao umeenea nchi nyingi. Chini yake kuna MySQL au MariaDB. Takwimu za kila mwezi zinapelekwa DHIS2, mfumo wa Chuo Kikuu cha Oslo unaotumiwa na wizara za afya za Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda; chini yake kuna PostgreSQL. Programu ya uhasibu mara nyingi imenunuliwa kando, na imekaa juu ya SQL Server ya Microsoft. Hizo ni hifadhidata tatu, na kila moja ina namna yake ya kuzungumza mtandaoni. Halafu kuna mtakwimu mmoja mwenye kompyuta ya Ubuntu (aina ya Linux) na lugha za R na Python, anayetakiwa kusema kama dawa zilizotoka dirishani zinalingana na dawa zilizolipiwa.

Asipokuwa na njia ya kuzifikia moja kwa moja, anaomba mafaili ya CSV. Yanatolewa kila mwisho wa mwezi, yanasafiri kwa flashi, yanatumwa WhatsApp, yanabaki kwenye kompyuta ambazo hakuna anayekumbuka ni za nani. Ndani yake mna majina ya watu na majibu yao ya vipimo. Ndiyo maana mimi siichukulii kazi hii kama jambo la mafundi peke yao. Mtakwimu akiwa na muunganisho mzuri, wenye ruhusa zilizopimwa, siri ya mgonjwa inabaki pale ilipowekwa.

ODBC ilibuniwa kwa hali ya namna hii: programu moja iweze kuzungumza na hifadhidata nyingi bila kuandikwa upya. Microsoft ilitoa toleo la kwanza Septemba 1992, ikijenga juu ya kazi ya SQL Access Group, kundi la makampuni ya hifadhidata, na mwaka 1995 misingi hiyohiyo ikaingia kwenye kiwango cha kimataifa cha SQL kwa jina la SQL/CLI. Wengi bado wanaamini ni kitu cha Windows. Sivyo. Upande wetu wa Linux na ndugu zake kuna wasimamizi wa draiva wawili, yaani maktaba zinazoitafutia programu draiva yake: kuna iODBC, inayotunzwa na OpenLink Software, na kuna unixODBC, mradi aliouanzisha Peter Harvey mwaka 1999 na ambao Nick Gorham ameubeba kwa miaka mingi. Kwenye Linux karibu kila mahali utakuta unixODBC, kwa hiyo hapo ndipo nitakaa muda mrefu.

Sasa hoja yangu. Nimewaona vijana wenye akili nyingi wakihangaika siku nzima na ODBC, na sababu karibu kila mara ni ileile: wanabadilisha kitu bila kujua tabaka gani limekataa. Wananakili mistari kutoka mtandaoni, wanabandika, haifanyi kazi, wanabandika mingine juu yake. Jioni mashine ina draiva tatu, mafaili manne ya usanidi, na hitilafu ya asubuhi bado ipo.

Muunganisho wa ODBC umepangwa kwa matabaka. Juu kabisa ni programu yako: R, Python yenye pyodbc, PHP, au LibreOffice Base. Programu hiyo inaita msimamizi wa draiva, yaani maktaba ya libodbc. Msimamizi anafungua draiva, faili la .so lililotengenezwa kwa aina moja ya hifadhidata. Draiva nayo mara nyingi inaegemea maktaba nyingine, kama draiva ya PostgreSQL inavyoegemea libpq, maktaba ya PostgreSQL yenyewe. Chini yake kuna mtandao, na mwisho wa njia kuna seva. Msimamizi wa draiva ni kama karani wa mapokezi hospitalini. Hatibu mtu, lakini yeye ndiye anayekuambia uende chumba gani, na daftari lake likiwa na makosa atakupeleka kwenye chumba kisichokuwepo.

Na hili wengi hawalitazami: ujumbe wa hitilafu wenyewe unasema umetoka wapi. Tazameni mwanzo wake, kuna majina ndani ya mabano ya mraba. Ukiona jina la unixODBC na la msimamizi wa draiva peke yake, ombi lako halijafika popote, limeishia mapokezi. Ukiona na jina la draiva, faili la .so limefunguka na sasa ndilo linalozungumza. Kwa draiva kadhaa jina la aina ya seva nalo linaweza kufuata; likiwepo, ujue umefika hadi upande wa pili, na kilichobaki ni jina la mtumiaji, nywila au ruhusa. Kisha kuna msimbo wa herufi tano. IM002 ni mapokezi: jina la chanzo cha data halijulikani. 08001 ni njia: seva haikufikiwa. 28000 ni mlango: umefika, lakini umekataliwa kuingia. Ukisoma vitu hivyo viwili kabla ya kugusa chochote, nusu ya kazi imekwisha.

Anzeni chini, msianze juu. Kabla ya kuigusa ODBC, chukua chombo cha hifadhidata yenyewe na ujaribu kuingia kutoka kwenye mashine ileile: psql kwa PostgreSQL, mysql au mariadb kwa hizo ndugu mbili, tsql ya FreeTDS, draiva huria ya SQL Server, kwa SQL Server. Psql ikishindwa kuingia, ODBC haina kosa lolote na haitakusaidia. PostgreSQL ikisakinishwa bila kuguswa inasikiliza mashine yake yenyewe tu. Lazima ubadilishe listen_addresses, kisha uongeze mstari wa kuiruhusu kompyuta ya mtakwimu ndani ya pg_hba.conf. MySQL na MariaDB kwenye Debian na Ubuntu zinafungwa na bind-address ya 127.0.0.1. Ukuta wa moto nao ufunguliwe poti inayohusika na si zaidi: 5432 kwa PostgreSQL, 3306 kwa MySQL, 1433 kwa SQL Server.

Kusakinisha kwenyewe hakutuchukulii muda. Kwenye Debian na Ubuntu vifurushi ni unixodbc, odbc-postgresql, odbc-mariadb, na tdsodbc kwa FreeTDS. Familia ya Red Hat inaviita unixODBC, postgresql-odbc, mariadb-connector-odbc na freetds. FreeBSD ina unixODBC kwenye pkg, na Mac inaipata kupitia Homebrew. Draiva ya Microsoft ya SQL Server, msodbcsql18, inatoka kwenye hazina yao wenyewe na inataka ukubali masharti yao. Tumieni vifurushi vya mfumo kadiri mnavyoweza. Anayejenga unixODBC kutoka kwenye msimbo wake bila sababu anajipa kazi ya miaka, maana itatafuta usanidi wake /usr/local/etc huku draiva za vifurushi zikijiandikisha /etc.

Hapo tumefika kwenye mafaili mawili yanayowachanganya watu kuliko kitu kingine chochote. Faili la odbcinst.ini linaorodhesha draiva: jina, na mahali faili la .so lilipo. Faili la odbc.ini linaorodhesha vyanzo vya data: jina ulilochagua, draiva gani itumike, seva ipi, hifadhidata ipi. Vyanzo vya mashine nzima viko /etc/odbc.ini, vya mtu mmoja viko kwenye folda yake ya nyumbani, ndani ya .odbc.ini yenye nukta mbele. Chanzo cha data cha PostgreSQL kwenye Debian kinaweza kuwa kifupi hivi:

[takwimu]
Driver = PostgreSQL Unicode
Servername = 10.0.0.12
Port = 5432
Database = takwimu

Neno lililoko kwenye mstari wa Driver, kama si njia kamili ya faili la .so, lazima lifanane na jina lililo ndani ya mabano kwenye odbcinst.ini. Si jina la kifurushi, wala jina unalolikumbuka kutoka mashine nyingine. Debian inaiita PostgreSQL Unicode, Red Hat inaiita PostgreSQL tu, na ile ya Microsoft inaitwa ODBC Driver 18 for SQL Server, herufi kwa herufi, nafasi kwa nafasi. Amri ya odbcinst -q -d inakuonyesha majina yote yaliyoandikishwa. Nakilini kutoka hapo. Tena, kila draiva ina maneno yake ya usanidi: ya PostgreSQL inataka Servername, ya Microsoft inataka Server na poti inaandikwa baada ya mkato. Neno ambalo draiva hailijui mara nyingi linapitwa kimya, na wewe unabaki ukijiuliza kwa nini inakwenda kwenye seva isiyo yake.

Lakini mafaili yapi hasa? Kama kuna amri moja mtakayoondoka nayo leo, iwe odbcinst -j. Inakuambia toleo la unixODBC, na inakutajia mafaili yanayosomwa, kwa njia kamili. Iendeshe kama mtumiaji yuleyule atakayeendesha programu. Ukiiendesha kama root, itakuonyesha .odbc.ini iliyoko /root, wakati mtakwimu anasoma ya kwake. Na nyinyi wa Python, sikilizeni hapa: conda, kile kisakinishi cha vifurushi, inaweza kuleta unixODBC yake yenyewe, na hiyo inasoma usanidi ndani ya folda ya mazingira yako ya conda, haina habari na /etc. Unaweza kuhariri /etc/odbc.ini hadi usiku, na isql ya mfumo ikaingia vizuri kabisa, huku pyodbc ikikurudishia IM002 kila mara. Hazipingani; zinasoma madaftari mawili tofauti. Kuna vigeu vya mazingira, ODBCSYSINI na ODBCINI, vinavyoweza kuzielekeza zote kwenye daftari moja.

Baada ya hapo jaribu kwa isql, chombo cha majaribio kinachokuja na unixODBC, na weka -v. Bila hiyo isql inakuambia tu kwamba imeshindwa kuunganisha. Ukiiweka, inakupa mabano na misimbo niliyoitaja.

Nikae kidogo kwenye ujumbe mmoja, kwa sababu umewapotezea watu wengi muda. Unaanza na “Can't open lib”, unataja njia ya faili la .so, na unamalizia kwa kusema faili halikupatikana. Fundi anakwenda kutazama kwa ls, na faili lipo palepale, lina ruhusa zote. Anarudia kusakinisha. Faili bado lipo, ujumbe bado uleule.

Faili lipo kweli. Msimamizi wa draiva aliiomba mashine ilifungue, mashine ikashindwa, na ujumbe hausemi ilishindwa kwa nini. Sababu ya kwanza, na ndiyo ya kawaida, ni kwamba draiva yenyewe inahitaji maktaba nyingine ambayo haipo. Endesha ldd juu ya faili hilo. Kwenye Mac tumia otool -L. Itaorodhesha maktaba zote inazozihitaji; ldd itakuonyesha waziwazi ile isiyopatikana, ila otool inakutajia njia tu, na wewe unakagua kama zipo. Draiva ya Oracle inatafuta maktaba za Instant Client, draiva nyingine inatafuta toleo la OpenSSL ambalo mfumo mpya umeshaliacha. Ukishaijua, sakinisha kifurushi chake. Au kama maktaba iko kwenye folda isiyo ya kawaida, iandikishe folda hiyo kwa ldconfig, amri inayoiambia Linux maktaba ziko wapi. Wengi wanakimbilia kigeu cha mazingira cha LD_LIBRARY_PATH. Inafanya kazi kwenye terminali yako, kisha inapotea huduma inapoendeshwa na mfumo. Mimi nashauri ldconfig.

Sababu ya pili ni usanifu. Draiva ya biti 32 haifunguki ndani ya programu ya biti 64. Kwenye Mac zenye chipu za Apple, Python ya arm64 haiwezi kuifungua draiva ya Intel, na Homebrew imehamia /opt/homebrew wakati maelezo mengi ya zamani yanataja /usr/local. Amri ya file inakuambia faili la .so ni la usanifu gani. Sababu ya tatu inawapata wanaopenda kontena ndogo: Alpine, Linux ndogo ya kontena, haitumii glibc, maktaba ya msingi ya Linux nyingi, inatumia musl, na draiva iliyojengwa kwa glibc haitafunguka humo. Microsoft inatoa vifurushi vya Alpine. Kama draiva yako haina, jenga kontena juu ya Debian na usipigane na hilo.

Draiva imefunguka, njia iko wazi, lakini seva inakataa namna ya kuthibitisha nywila. Hili linatokea sana kwetu kwa sababu mashine za ofisi zinakaa miaka mingi bila kusasishwa huku seva zikibadilishwa. PostgreSQL tangu toleo la 14 la mwaka 2021 inahifadhi nywila kwa SCRAM, njia mpya ya kuthibitisha nywila, isipoelekezwa vingine, na libpq iliyotangulia toleo la 10 haijui SCRAM ni nini. MySQL 8.0 ya mwaka 2018 ilifanya jambo kama hilo kwa caching_sha2_password. Kwenye vikao vya mtandaoni utashauriwa uirudishe seva kwenye njia ya zamani. Usikubali. Sasisha draiva, seva ndiyo iliyo sahihi.

Kwa wanaotumia MySQL au MariaDB kwenye mashine ileile: ukiandika localhost, draiva haipiti mtandaoni, inatafuta soketi ya Unix, faili maalumu la mawasiliano ndani ya mashine. Ikiwa inaitafuta /tmp/mysql.sock na seva imeiweka /var/run/mysqld/mysqld.sock, utaambiwa seva haipo, na wewe unaiona inakimbia. Andika 127.0.0.1, au itajie draiva mahali soketi ilipo.

Kuna malalamiko mengine nayasikia kila ninapokwenda: kwangu inafanya kazi, kwenye seva ya wavuti inakataa. Kwako inasoma .odbc.ini yako. Huduma ya wavuti kwenye Debian inaendeshwa na www-data, na huyo hana habari na folda yako ya nyumbani. Kazi za cron, zile zinazojiendesha kwa ratiba, nazo zinaanza na vigeu vichache tu vya mazingira. Vyanzo vya data vya huduma viwekwe /etc/odbc.ini, mambo yaishe. Kwenye familia ya Red Hat kuna SELinux, ulinzi wa ziada wa Linux, ambao kwa kawaida haiiruhusu huduma ya wavuti kwenda kwenye hifadhidata kupitia mtandao. Ruhusa yake ni httpd_can_network_connect_db, inayowashwa kwa setsebool -P. Ukizima SELinux nzima ili ripoti moja itoke, umeiacha seva yote bila ulinzi huo kwa sababu ya mlango mmoja.

Nipite haraka kwenye herufi na namba. Ukiona thamani tupu zinarudi kama 4294967295, programu na draiva zimejengwa kwa ukubwa tofauti wa SQLLEN, aina ya namba inayobeba urefu wa data; ni ugonjwa wa enzi ya kuhama kutoka biti 32 kwenda 64, na dawa yake ni kujenga upya kwa toleo la sasa. Ukiona maneno yamekatika au yana herufi za ajabu kwenye Mac, angalia kama umechanganya iODBC na unixODBC: moja inatumia baiti nne kwa kila herufi pana, nyingine mbili.

Na kwenye herufi kuna jambo linalotuhusu sisi hasa. Kiswahili kinaandikwa kwa herufi za kawaida, kwa hiyo unaweza kuchagua draiva ya ANSI, isiyo ya Unicode, na majaribio yote yakapita. Kisha anakuja mgonjwa anayeitwa Ng'wandu, na karani ameandika jina lake kwa simu iliyoweka kile kialama kilichopinda baada ya “Ng”, kilicho nje ya ASCII. Au anakuja mtu kutoka Bujumbura mwenye jina la Kifaransa. Jina linaharibika, na kwenye rejista linakuwa la mtu mwingine. Chagueni draiva ya Unicode tangu siku ya kwanza, psqlodbcw na si psqlodbca, na jaribuni kwa majina ya watu wenu halisi, si kwa neno “test”.

La mwisho ni usalama, na hapa naomba mnisikilize kwa makini zaidi. Draiva ya 18 ya Microsoft inadai usimbaji fiche isipoelekezwa vingine, na inakagua cheti cha seva. Seva nyingi za ndani zina cheti ambacho seva imejitengenezea yenyewe, kwa hiyo muunganisho unakataliwa. Watu wanaandika TrustServerCertificate=yes na kusonga mbele. Kwenye mashine ya majaribio sawa. Kwenye seva yenye data za watu, wekeni cheti cha mamlaka yenu ya ndani kwenye mashine ya mtakwimu, ili ajue anayezungumza naye ndiye.

Mtakwimu apewe akaunti yake mwenyewe yenye ruhusa ya SELECT tu, na kwenye majedwali anayoyahitaji tu. Asipewe akaunti ya mfumo. Ikiwa anahitaji idadi ya wagonjwa kwa umri na jinsia, mtengenezee mwonekano (view) usio na majina kabisa. Nywila msiiandike kwenye /etc/odbc.ini, ambayo kwa kawaida kila mtumiaji wa mashine anaweza kuisoma; ikibidi iandikwe mahali, iwe kwenye .odbc.ini ya mwenyewe yenye ruhusa 600, yaani mwenyewe tu anaisoma na kuiandika.

Na mtakapowasha ufuatiliaji ili kutafuta hitilafu, yaani Trace = Yes kwenye odbcinst.ini, kumbukeni unaandika kila swali la SQL linalopita, mara nyingi kwenye faili lililoko /tmp, pamoja na jina la mgonjwa aliyetafutwa. Ukimaliza kusoma, irudishe kuwa No, lifute faili, ndipo uondoke kwenye mashine.